Kilicho cha Wote

Kati ya maswali yaliyomsumbua binadamu tangu alipoanza kukaa pamoja na wenziwe, moja ni hili: kitu kilicho cha wote ni cha nani? Mtoto mdogo huujua upesi mpaka uliopo kati ya chake na cha nduguye. Chake hukishika kwa mikono miwili. Cha nduguye hukitazama kwa tamaa au kwa heshima, kwa kadiri ya malezi yake. Lakini mwoneshe kitu ambacho si chake peke yake wala si cha nduguye peke yake, bali ni chao wote, nawe utamwona anasita. Watu wazima nao husita vivyo hivyo. Wako wanaodhani kuwa kilicho cha wote hakina mwenyewe, wakakichukua. Wako pia wanaodhani kuwa kilicho cha wote hakiwahusu, wakakiacha kiharibike. Makundi haya mawili hujiona yamepingana, ilhali yana kosa moja. Yote mawili yamesahau kwamba kilicho cha wote kina mwenyewe.

Katika miji yetu swali hili tunalikanyaga kwa miguu kila siku. Nenda katika mji wowote ulio chini ya Mlima Kenya, uwe Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu au Wang'uru, hutakosa kipande cha ardhi ya umma kisicho na jengo wala mmea wa maana. Pengine kiko nyuma ya soko, pengine kando ya njia kuu, pengine ukingoni mwa mfereji. Mvua ikinyesha humea magugu; jua likiwaka hutupwa taka. Karibu na hapo wanakaa watu waliopanga chumba kimoja kimoja, ambao hununua kila jani la mboga linaloingia katika sufuria yao. Tuseme majirani hao wamekutana, wakaambiana, "Tusafishe mahali hapa, tupande sukumawiki, managu na maharagwe." Je, wametenda haki, au wameingilia kisicho chao? Na wakuu wa mji, wakiwaona, wawafukuze, wawaache, au wawasaidie?

Yako majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba mwenye njaa ana haki ya kulima popote. La pili ni kwamba ardhi ya umma haiguswi na mtu. Kila moja lina chembe ya ukweli, na kila moja likifuatwa mpaka mwisho huleta dhuluma. Inatupasa basi tulipime jambo hili polepole, na kipimo kizuri cha kuanzia ni neno ambalo lugha yetu imelihifadhi tangu zamani, nalo ni amana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 61, yasema kwamba ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya, wakiwa taifa, wakiwa jamii, na wakiwa mtu mmoja mmoja. Kisha yaigawa ardhi hiyo katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Ardhi ya umma hushikwa na serikali ya taifa au ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Serikali basi si mwenye mali. Imewekewa amana, na mwenye mali ni watu.

Sasa, mtu aliyewekewa amana ana wajibu gani? Ikiwa jirani yako amesafiri, akakuachia mbuzi wake, huna ruhusa ya kumchinja wala kumwuza. Hilo kila mtu alijua. Lakini pia huna ruhusa ya kumfunga kamba mahali pasipo majani mpaka afe, kisha ukajisifu mbele ya mwenyewe kwamba hukuonja hata kipande cha nyama yake. Kumla mbuzi wa amana ni khiana, na kumwacha afe njaa ni khiana vile vile. Wakuu wengi wa miji huiogopa khiana ya kwanza, kwa kuwa hiyo huandikwa magazetini, wakaizoea khiana ya pili, kwa kuwa hiyo haina kelele. Kipande cha ardhi kinachokaa miaka 20 chini ya taka, huku watoto wa jirani wakila ugali usio na mboga, ni mbuzi aliyefungwa pasipo majani.

Ili tuone kwamba jambo hili si dogo, tutazame uwanda wa Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Mwea ni nchi iliyosifika kwa chakula. Mchele wake wa pishori hununuliwa Nairobi na kwingineko, na msafiri apitaye Wang'uru huona magunia yamepangwa kando ya barabara na mashamba ya mpunga yakimeta maji mpaka upeo wa macho. Ni nani atakayedhani kuwa katika nchi kama hiyo mtu aliweza kukosa mahali pa kupanda maharagwe?

Walakini ndivyo ilivyokuwa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza kazi ya kuchimba mifereji katika uwanda huo, ikitumia mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Maji yalivutwa kutoka mito ya Thiba na Nyamindi. Wakulima waliokubaliwa walipewa eka 4 za mpunga kila mmoja, wakapangiwa vijiji vya kukaa. Ardhi haikuwa yao. Walikaa kwa leseni, chini ya amri ya meneja wa mradi. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelezwa, na kwa sheria ya mwaka 1966 ikatiwa mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji.

Wataalamu walioupanga mradi huo walihesabu mengi. Walihesabu maji, mbegu, mbolea, magunia na shilingi. Katika kitabu juu ya Mwea kilichotolewa mwaka 1973 na Robert Chambers na Jon Moris, imo sura iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumba zao, nayo yaonesha kilichosahauliwa. Kilichosahauliwa ni bustani ya mama. Huko walikotoka, wanawake walikuwa na mashamba yao ya mahindi na maharagwe, na kwa mashamba hayo walilisha jamaa zao bila kuomba ruhusa wala fedha ya mtu. Mwea, ardhi yenye maji ilikuwa ya mpunga. Mpunga ulikuwa wa Bodi kwanza, kisha malipo yake yalikuwa ya mume. Vipande vya kupanda vyakula vingine vilikuwa vichache na vidogo. Kuni nazo zilikuwa za kununua. Mwanamke alifanya kazi nyingi zaidi kuliko zamani, na nchi nzima ilihesabiwa kuwa imefanikiwa, lakini yeye alipotaka kupika githeri ilimbidi amwombe mumewe fedha.

Msomaji, usilipite jambo hili kwa haraka, maana ndani yake kuna fundisho kubwa. Mpangaji wa mradi hakuwa na nia ya kumnyima mama maharagwe. Alisahau tu, kwa sababu bustani ndogo haiingii katika hesabu kubwa. Chakula kinacholimwa mlangoni na kuliwa jioni hakipimwi kwenye mizani ya soko, hakilipiwi ushuru, na hakionekani katika ripoti. Lakini uhuru wa mtu mara nyingi hukaa katika vitu hivyo hivyo visivyoonekana. Mwanamke mwenye vitalu vitatu vya mboga ana jambo moja analoliamua mwenyewe. Ukimnyima vitalu hivyo ukampa badala yake ahadi ya fedha za mavuno, umempa labda kingi zaidi, lakini umemwondolea uamuzi.

Miji yetu ya leo inajengwa kwa sahau ile ile. Hupimwa viwanja vya maduka, vya nyumba, vya maegesho ya magari, bustani haipimwi. Mtu aliyetoka shambani akaja kupanga chumba Wang'uru au Karatina huyakuta yaliyompata mama wa Mwea: kazi ipo, soko lipo, chakula kipo tele machoni pake, lakini hana hata hatua 3 za udongo anazoweza kuziamua. Kwa sababu hiyo nasema kwamba majirani wanaotaka kulima kipande cha wote wana hoja nzito kuliko ile ya njaa peke yake. Wanaomba sehemu katika uamuzi juu ya mji wanaoujenga kwa kodi zao na jasho lao.

Haifai hata hivyo kusikiliza upande mmoja. Wanaozipinga bustani za namna hii wana hoja zao, na hoja hizo hazitoki kwa watu wabaya.

Hoja ya kwanza ni ya afya. Ardhi ya mjini si ardhi ya porini. Kando ya barabara hushuka moshi na mafuta ya magari, na maji ya mitaro hubeba uchafu wa vyoo na wa karakana. Mboga hunywa kile inachonyweshwa. Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake ni kuchagua mahali na maji, kama vile tunavyochagua kisima. Mahali palipokuwa jaa la betri na makopo ya rangi pasilimwe mboga. Papandwe miti au maua. Baada ya ghasia za mwanzoni mwa mwaka 2008, watu wa Kibera, Nairobi, walijifunza kupanda sukumawiki na mchicha ndani ya magunia yaliyojazwa udongo ulioletwa, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba na ardhi ya chini haikufaa. Serikali ya kaunti ya Nairobi nayo ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, ikakubali kwamba kulima mjini ni kazi halali inayohitaji kuongozwa. Hatari inayoweza kuongozwa haitoshi kuwa sababu ya kukataza.

Hoja ya pili ni ya wivu wa haki, nayo ni ngumu zaidi. Ardhi ni ya watu elfu 50, na wanaolima ni 40. Je, hao 40 wamepewa na nani haki ya kula matunda ya kilicho cha wote? Mtoto aliyekuwa akicheza mpira hapo jana, leo anaambiwa asikanyage miche. Mzee aliyekata njia hapo kwenda sokoni sasa azunguke. Na mama aliyehamia mjini mwezi uliopita anakuta vitalu vyote vina wenyewe. Kwa hakika, bustani iliyozungushiwa ua na kufungwa kwa kufuli, ambayo vitalu vyake hurithiwa na jamaa za waliotangulia, haina tofauti kubwa na kiwanja kilichonyakuliwa. Tofauti ni kwamba mnyakuzi mmoja amekuwa 40.

Hoja ya tatu yatoka katika historia yetu chungu. Wapinzani husema kwamba hivi ndivyo unyakuzi unavyoanza. Leo ni vitalu vya mboga, kesho ni kibanda cha kuwekea majembe, kesho kutwa ni duka la mabati, na mwaka wa tano ni ghorofa yenye hati. Hakuna Mkenya anayeweza kulicheka jambo hili. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria: misitu, kando za barabara, viwanja vya shule na bustani za mapumziko. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliukuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walipoandamana kuudai walirushiwa moshi wa kutoa machozi. Watoto wa rika lenu, na wadogo kuliko ninyi, walilazimika kuwafundisha watu wazima maana ya kilicho cha wote.

Lakini tuutazame unyakuzi kwa makini zaidi. Mnyakuzi hupenda ardhi ya namna gani? Hupenda ile isiyo na mtu wa kuilalamikia. Kiwanja kilicho tupu hakina shahidi. Kikizungushiwa mabati usiku, asubuhi wapita njia husema, "Kumbe kilikuwa cha fulani," wakaenda zao. Kipande kinacholimwa na majirani kina mashahidi 40 wanaokijua kwa hatua na kwa kitalu, na mabati hayo yakifika watapiga kelele kabla ya jogoo kuwika.

Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika wilaya ya Nyeri mwaka 1940, aliyafahamu haya. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani. Wengi walidhani ni kazi ya akina mama ya kupitisha wakati. Mwaka 1989 ulipotolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, watu waliokwisha kujifunza kuupenda mti ndio walioweza kuipigania bustani. Maathai alitukanwa hata Bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mkono uliozoea kutunza kipande cha wote haukubali kwa urahisi kukiona kikichukuliwa.

Yaliyotokea kwetu yametokea na kwingine. Mjini New York, Marekani, majirani walianza katika miaka ya 1970 kusafisha viwanja vilivyoachwa magofu na kuvifanya bustani. Viwanja hivyo vilipopendeza na ardhi ikapanda bei, serikali ya jiji ilitaka kuviuza kwa mnada. Mwaka 1999 bustani zaidi ya 100 ziliokolewa siku chache kabla ya mnada, baada ya jumuiya za hisani kukubali kuzinunua. Twajifunza hapo jambo lisilopendeza: ruhusa isiyoandikwa hudumu mpaka ardhi ipate bei. Uingereza ilichagua njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1908 mabaraza ya miji yalipewa wajibu wa kuwapatia vipande vya kulima wananchi walioviomba, nao hulipa kodi ndogo. Wafanyakazi wasio na shamba wamelima humo kwa zaidi ya miaka 100, na ardhi imebaki ya mji.

Basi suala haliishi katika kuruhusu au kukataza. Lipo suala la namna ya kutunza pamoja. Mwaka 1968 mwanachuoni mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mchungaji huongeza ng'ombe wake na hasara huwaachia wote. Maneno yake yaliaminiwa sana. Lakini Elinor Ostrom, Mmarekani mwenzake, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia pamoja misitu, malisho, samaki na maji ya kumwagilia, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba wako wengi walioyatunza hayo kwa vizazi bila kuyagawa na bila kutawaliwa na mkuu wa mbali. Siri yao ilikuwa katika kanuni walizojiwekea wenyewe: mipaka iliyo wazi, zamu zinazojulikana, walinzi watokao miongoni mwao, na adhabu inayoanza ndogo ikakua. Mwaka 2009 Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Watu wa Mwea hawahitaji kwenda ng'ambo ili wayaelewe maneno hayo. Mfereji wa maji ni mwalimu mkali. Aliye juu akifungua lango usiku, aliye chini hukauka mpunga. Mwaka 1998 wakulima wa Mwea, waliochoshwa na amri na malipo ya Bodi, walikataa kuipelekea mpunga wao, na chama chao cha ushirika kikachukua uongozi wa mradi. Ulikuwa ushindi wa heshima. Lakini baada ya ushindi mifereji haikujichimbua yenyewe, na mkubwa kufukuzwa hakumzuii jirani kuiba maji. Iliwabidi baadaye wakulima na Bodi wapatane: serikali itunze mabanio na mifereji mikubwa, nao wakulima, kwa chama cha watumiaji wa maji, watunze midogo na kupanga zamu. Twaona hapo pande mbili za ukweli mmoja. Msaada unaotawala humfanya mtu mpangaji katika jasho lake mwenyewe. Uhuru usio na kanuni nao humfanya jirani kuwa adui.

Uko mfano mwingine karibu zaidi na bustani, nao uko katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 serikali iliwaruhusu watu kulima mahindi na viazi kati ya miche ya miti iliyopandwa, kwa muda wa miaka michache, mpaka kivuli cha miti kifunge. Mkulima alipata chakula, msitu ukapata mpaliliaji. Jambo hilo lilipofuatwa kwa uaminifu lilifaa pande zote. Lilipoharibika, wapo waliokata miche au kuiacha ife ili kivuli kisije, na shamba la muda likawa la daima. Serikali ikalipiga marufuku, ikalirudisha, ikalipiga marufuku tena, na baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005 ikalirudisha kwa kanuni mpya pamoja na vyama vya jamii vya misitu. Mkulima aliyeua mche wa mti ili abaki na shamba lake hakuwa mwizi alipoingia msituni. Alikuja kuwa mwizi siku aliyoanza kuuogopa mti unaokua. Vivyo hivyo mwenye kitalu mjini yu salama maadamu akumbuka kwamba alipewa kwa muda, na kwamba baada yake yuko mwingine.

Kutokana na hayo yote twaweza sasa kutoa hukumu. Nasema kwamba majirani wana haki ya kuomba kipande cha wote kilicholala bure, na serikali ina wajibu wa kuwaunga mkono, kwa sharti kwamba bustani yao ijibu maswali matatu.

La kwanza ni la mgeni: aliyefika jana atapataje nafasi? Bustani isiyo na jibu imekwisha kuwa shamba la watu binafsi. Vitalu viwe vya muda, majina ya wanaongoja yaandikwe waziwazi, na asiyelima msimu mzima ampishe mwenziwe. La pili ni la mtu asiye na jembe: mlemavu, mgonjwa, mtoto, mzee, yeye amefaidika nini? Ikiwa njia yake imebaki, kivuli cha kukaa kipo, fungu la mavuno huenda kwa wasiojiweza, na mahali palipokuwa pananuka sasa pananukia, basi naye ni mwenye bustani. La tatu ni la kesho: mji ukihitaji mahali hapo kwa zahanati au darasa, je, wakulima watatoka? Hapana budi watoke, wakiisha kuvuna na kuoneshwa mahali pengine. Lakini watoke kwa ajili ya zahanati ya wote. Wasitolewe kwa ajili ya duka la mmoja. Uwanja wa watoto wa kuchezea usiguswe kwa jina la mboga, maana mtoto naye ana njaa yake, na njaa hiyo haishibi kwa maharagwe.

Na msaada wa serikali uwe wa namna gani? Uwe ruhusa iliyoandikwa, yenye miaka inayotajwa, ili mtu asipande kwa hofu. Uwe bomba la maji safi na uchunguzi wa udongo. Uwe mlinzi wa mpaka dhidi ya wenye mabati. Zaidi ya hapo serikali ikae kando. Ikianza kuamuru ni mboga gani ipandwe, nani awe mwenyekiti, na picha ya nani ibandikwe langoni, itakuwa imerudia kosa lililofanywa Mwea, la kumpa mtu ardhi na kumnyima uamuzi.

Wazee wa nchi ya mlima walikuwa na desturi iitwayo ngwatio: watu walikusanyika wakalima shamba la mmoja, kesho la mwingine, mpaka zamu ikawazunguka wote. Katika desturi hiyo hapakuwa na fedha, bali palikuwa na kumbukumbu. Kila mmoja alijua amemlimia nani na nani atamlimia. Mjini kumbukumbu hiyo hupotea, kwa kuwa watu hawajuani majina. Na mahali watu wasipojuana majina, kilicho cha wote hakina wa kukitetea. Huenda basi faida kuu ya bustani ya majirani isiwe mboga zake hata kidogo. Wanaopalilia pamoja hupata kujuana, na mwaka mmoja au miwili baadaye, mfereji ukiziba au mtoto akipotea, hujua mlango wa kubisha.

Ninyi mnaosoma sasa, baada ya miaka michache wengine wenu mtakuwa wapimaji ardhi, makarani wa kaunti, madiwani na wapangaji wa miji. Mezani penu patawekwa ramani, na juu ya ramani hiyo patakuwa na vipande visivyo na rangi. Karani mvivu atawaambieni kwamba hapo hapana kitu. Mwulizeni ni nani wanaokaa karibu na hapo, wanakula nini, na mara ya mwisho waliulizwa lini.